Maji, Sabuni na Chupa Isiyo na Jina: Kuosha Gari Bila Kuuumiza Mwili

Mwosha magari anapofika zahanati, mara nyingi mikono yake huwa imekwisha kueleza kazi yake kabla hajafungua kinywa. Viganja vimekauka na kupasuka, katikati ya vidole pana wekundu na muwasho, na ngozi ya pembeni mwa kucha imevimba. Huandikiwa dawa ya fangasi au ya upele, naye hurudi kazini siku hiyohiyo. Baada ya majuma mawili anarejea na mikono ileile. Kuna maswali mawili ambayo hakuulizwa, na yote mawili ni mepesi: magari anayaosha kwa kitu gani, na maji anayachota wapi?

Somo hili linaeleza vitu na njia zinazotumika sana katika kuosha gari, namna zinavyofanya kazi juu ya rangi, rimu na viti, na namna hizohizo zinavyofanya kazi juu ya ngozi, macho na mapafu. Limekusudiwa kwa mtoa huduma anayempokea mwosha magari, kwa mwosha magari mwenyewe, na kwa mwenye gari anayeliosha uani kwake siku ya mapumziko, watoto wakiwa wanacheza kando yake.

Maji na mahali yanapochotwa

Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na maji matupu. Vumbi la barabarani ni chembe za mchanga, na likisuguliwa likiwa kavu huichora rangi mistari myembamba isiyofutika. Ndiyo maana gari humwagiwa maji kwanza, kuanzia paani kwenda chini, hadi tope lilainike na kuanguka lenyewe. Gari liegeshwe kivulini na boneti iwe imepoa. Sabuni ikikaukia juu ya bati la moto huacha madoa, na hapo mwosha hulazimika kutafuta kitu kikali cha kuyaondoa. Kwa kweli, dawa nyingi kali zinazotumika katika kazi hii hutumika kurekebisha haraka iliyofanywa mwanzoni.

Kando ya Ziwa Victoria iko njia iliyozoeleka kwa miaka mingi: gari huingizwa ziwani hadi magurudumu yazame nusu, na mwosha husimama majini akimwagia na kusugua. Njia hii haina gharama ya bomba wala ya pampu. Gharama yake hulipwa na mwili. Katika maji ya ufukweni, penye majani na mwendo mdogo wa maji, huishi konokono wa jamii ya Biomphalaria, ambao hubeba vimelea wa kichocho cha tumbo. Vimelea hao hutoka kwa konokono hasa mchana wakati wa jua, saa zilezile ambazo wateja huwa wengi, kisha hupenya ngozi ya mguu ndani ya dakika chache. Hawahitaji jeraha wala mchubuko.

Waosha magari wa Kisumu, nchini Kenya, wanajulikana katika sayansi ya tiba kwa sababu hiyo. Walifuatiliwa kwa muda mrefu, wakapimwa choo, wakatibiwa na kupimwa tena huku wakiendelea na kazi yao ndani ya ziwa. Utafiti mmoja uliotokana na ufuatiliaji huo ulichapishwa mwaka 2002 katika jarida la Lancet. Ulionesha kwamba baadhi yao, baada ya kutibiwa mara kadhaa, walianza kukaa muda mrefu zaidi kabla ya kuambukizwa upya, kana kwamba mwili ulikuwa umejifunza kujikinga. Wengine hawakupata kinga hiyo, bali waliambukizwa tena kila walipopona.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mtoa huduma wa Mwanza, Musoma au Bukoba. Prazikwanteli, kwa kipimo cha kawaida cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, huua minyoo iliyokomaa lakini haiui michanga. Mgonjwa aliyetibiwa leo na kurudi ziwani kesho atahitaji kupimwa tena baada ya majuma kadhaa, na asilaumiwe kwamba hakumeza dawa. Anayeachwa bila tiba mwaka hadi mwaka huweza kufikia hatua ya ini kukakamaa, tumbo kujaa maji na kutapika damu.

Kinga bora ni gari kuondolewa ziwani na maji kuletwa lilipo gari. Maji ya ziwa yakihifadhiwa katika tangi au pipa lisilo na konokono kwa saa 48, vimelea waliomo hufa kabla ya kumpata mtu wa kumwingia. Anayechota na avae viatu virefu vya mpira, visivyovuja, na asiingie kwenye maji yanayozidi urefu wa viatu hivyo. Choo kiwepo karibu na eneo la kazi, kwa kuwa mayai ya kichocho hurudi ziwani kwa njia ya kinyesi, na bila mayai hayo konokono hana cha kubeba. Zaidi ya hayo, gari lililooshwa nchi kavu haliachi mafuta ya injini ndani ya maji ambayo wengine huyachota kwa kunywa.

Sabuni na ngozi ya mikono

Kitu kinachopendwa kuliko vyote ni unga wa sabuni ya kufulia. Ni rahisi, hupatikana kila duka, na povu lake huwaridhisha wateja. Lakini povu si kipimo cha usafi. Unga huo una alkali nyingi ya kukata mafuta kwenye nguo, na alkali haibagui: huondoa nta inayolinda rangi ya gari, na huondoa vilevile mafuta ya asili yanayoilinda ngozi ya mwosha. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, kiasi cha pH 5. Mkono unaozamishwa katika maji ya unga wa sabuni tangu asubuhi hadi jioni hupoteza hali hiyo, tabaka la juu hupasuka, na kila kitu kikali kinachofuata hupata mlango wa kuingilia.

Shampuu ya magari, ambayo pH yake hukaribia 7, ni bora kwa rangi na kwa mkono pia. Ikikosekana, sabuni laini ya maji ya kuoshea vyombo, kidogo sana katika ndoo nzima, ina nafuu kuliko unga. Njia iliyo nzuri kuliko zote ni ya ndoo mbili. Ndoo ya kwanza ina maji ya sabuni, ya pili ina maji matupu ya kusuuzia sponji kila baada ya kupita sehemu moja. Mchanga hubaki chini ya ndoo ya pili badala ya kurudishwa kwenye rangi. Magurudumu huwa na ndoo yake na kitambaa chake, na huoshwa peke yake, kwa sababu vumbi la breki lina chembe za chuma zinazokwaruza. Baada ya kusuuza, gari hufutwa kwa kitambaa laini kikavu kabla ya jua kulikausha.

Glavu husaidia, lakini kwa sharti. Glavu iliyoingia maji na kuendelea kuvaliwa huufungia mkono ndani ya maji hayo ya sabuni, na huo ni uharibifu kuliko kutovaa kabisa. Zivaliwe zikiwa kavu kwa ndani, zivuliwe kila zinapoingia maji, na mwisho wa kazi mikono ioshwe kwa maji matupu na kupakwa mafuta mazito yasiyo na manukato.

Kwa mtoa huduma, kutofautisha si kazi ngumu akiwa na subira ya kuuliza. Ukurutu unaotokana na sabuni kwa kawaida hushika mikono yote miwili, huanzia katikati ya vidole, na hupungua mtu anapokaa siku kadhaa bila kazi. Fangasi ya kiganja mara nyingi hushika mkono mmoja pamoja na nyayo zote mbili, kwa hiyo mgonjwa avuliwe viatu. Upele huwasha zaidi usiku, na kwa kawaida nyumbani kuna mwingine anayejikuna. Krimu yenye steroidi hutuliza ukurutu, lakini ikipakwa juu ya fangasi huuficha ugonjwa huku ukienea. Na ikiwa sabuni haikubadilishwa, hakuna krimu itakayodumu.

Dawa za rimu: hatari inayochelewa kuuma

Hapa pana jambo ambalo kila mtoa huduma anayehudumia waosha magari anapaswa kulijua vizuri. Rimu za alumini hushikwa na vumbi la breki ambalo sabuni huliondoa polepole, nazo zinapendeza zikirudishiwa mng'aro. Hivyo huuzwa dawa za kung'arishia, nyingine zikigawanywa kutoka dumu kubwa na kutiwa katika chupa za maji ya kunywa. Baadhi zina asidi ya haidrokloriki, inayounguza papo hapo na kumfanya mtu arushe mkono. Baadhi zina asidi ya haidrofloriki, au chumvi zinazoitoa asidi hiyo zikikutana na maji, na hizo ndizo za kuogopwa.

Asidi ya haidrofloriki iliyopunguzwa nguvu haiumi mwanzoni. Iwapo kiasi chake ni chini ya asilimia 20, maumivu yanaweza kuchelewa hadi saa 24. Mwosha humaliza kazi, hula, hulala, kisha huamshwa na maumivu ya vidole yasiyolingana kabisa na kinachoonekana: wekundu kidogo tu, au hata ngozi isiyo na alama. Kinachotokea ni kwamba floridi imekwisha kupenya hadi ndani, inashikana na kalsiamu na magnesiamu za mwili, na inaendelea kuharibu nyama hadi mfupa. Sehemu kubwa ya mwili ikilowa, kalsiamu ya damu hushuka na moyo huweza kusimama.

Mgonjwa wa namna hii akihesabiwa kuwa mtu anayekuza maumivu, muda wa tiba hupotea. Tiba yenyewe haihitaji mitambo. Kwanza sehemu iliyoguswa ioshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, nguo na pete zikiwa zimevuliwa, na anayemsaidia akiwa amevaa glavu. Kisha hupakwa jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5. Pasipo na jeli iliyo tayari, hutengenezwa kwa kuchanganya mililita 10 za sindano ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 10 na mililita 30 za jeli ya maji inayotumika wodini. Mkono ukiwa ndio ulioungua, jeli humiminwa ndani ya glavu kubwa na mgonjwa huivaa, jeli ikakigusa kila kidole. Maumivu ndiyo kipimo: yakipungua, dawa inafanya kazi, yakirudi, jeli irudiwe. Kwa sababu hiyo haifai kuvifisha ganzi vidole mapema, kwani hapo kipimo chenyewe hupotea.

Maumivu yasipotulia ndani ya saa moja hivi, au eneo lililoungua likiwa kubwa, mgonjwa apelekwe hospitali yenye uwezo wa kupima umeme wa moyo na kalsiamu ya damu, na yenye mtaalamu anayeweza kutoa kalsiamu glukoneti kwa sindano. Kalsiamu kloraidi isidungwe kidoleni hata ikiwa ndiyo pekee iliyopo kabatini, maana yenyewe huozesha nyama.

Rimu, kwa upande wake, haihitaji haya yote. Maji, sabuni ya ndoo ya pembeni na brashi laini, kila juma, huizuia kufikia hali ya kuhitaji asidi. Rimu iliyoachwa miezi sita haitarudi kama mpya kwa njia hiyo, na mteja ana haki ya kuambiwa hivyo.

Injini, lami na jicho

Dawa za kuondolea grisi kwenye injini nyingi zina kostiki soda. Tone likirukia jichoni, jeraha la alkali hii huwa baya kuliko la asidi nyingi, kwa sababu alkali huiyeyusha nyama na kuendelea kuzama ndani. Jicho lioshwe palepale kwenye eneo la kazi, kwa maji safi yoyote yaliyopo, kwa dakika 30 zisizopungua, kope zikiwa zimefunuliwa. Safari ya kwenda kliniki ianze baada ya hapo, si kabla. Kituoni uoshaji uendelee, na karatasi ya kupimia pH iguswe ndani ya kope la chini hadi isome kama jicho zima. Miwani ya kukinga ingemaliza habari hii yote.

Lami na gundi huondolewa kwa petroli au thina. Mafuta ya kula kidogo, yakiachwa dakika chache juu ya tone la lami, hufanya kazi hiyohiyo kwa unyenyekevu zaidi, kisha hufuatwa na sabuni. Petroli ina benzini, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya damu. Kunawa mikono kwa petroli baada ya kazi, desturi iliyoenea gereji, ni kuipaka benzini kwenye ngozi ambayo sabuni imekwisha kuipasua.

Ndani ya gari

Ndani ya gari hewa ni kidogo, na kila kinachopuliziwa humrudia mtu usoni. Milango yote ifunguliwe. Vumbi livutwe kwa mashine au lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, lisipigwe kwa brashi kavu. Dashibodi hutosheka na kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Dawa za kung'arisha zenye mafuta ya silikoni zisifike kwenye usukani wala kwenye kanyagio, kwani mguu ukiteleza juu ya breki hakuna mng'aro utakaofidia. Zulia lililooshwa likaushwe kabisa kabla ya madirisha kufungwa, kwa sababu ukungu huota gizani, na mwenye pumu huutambua kabla ya mtu mwingine yeyote. Yeye pia huumizwa na manukato ya kuning'inizwa kwenye kioo. Gari safi halina haja ya kunukia chochote.

Gari lililombeba mgonjwa aliyetapika, kuharisha au kutoka damu lina utaratibu wake. Mwosha avae glavu. Uchafu ufyonzwe kwanza kwa matambara au karatasi za kutupwa, sehemu ioshwe kwa sabuni, ndipo dawa ya klorini itumike, kwa kuwa klorini hupoteza nguvu ikikutana na uchafu mwingi. Kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, kikombe kimoja cha dawa huchanganywa na vikombe sita vya maji ili kupata nguvu ya asilimia 0.5. Iachwe dakika 10 juu ya plastiki au ngozi bandia, kisha ifutwe kwa maji, kwani huozesha chuma. Viti vya kitambaa huoshwa kwa sabuni na maji ya moto na kuanikwa juani. Mikanda ya usalama isipakwe klorini wala asidi kamwe: nyuzi zake hudhoofika bila kuonesha dalili, na udhaifu huo hujulikana siku ya ajali. Maji ya vuguvugu na sabuni laini vinaitosha.

Klorini isichanganywe na kitu. Ikikutana na asidi, iwe ya rimu au ya chooni, hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia, iliyomo katika baadhi ya dawa za vioo, hutoa gesi ya kloramini. Ndani ya gari lililofungwa, dakika chache zinatosha kuleta kikohozi, machozi na kubanwa kifua. Mgonjwa atolewe kwenye hewa safi na apelekwe kituoni hata akisema amepata nafuu, kwa sababu mapafu huweza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Kituoni hupewa oksijeni na dawa ya kupanua njia ya hewa, na huangaliwa kwa muda kabla ya kuruhusiwa.

Tundu dogo la mashine ya presha

Mashine nyingi za kuoshea magari husukuma maji kwa presha ya bar 100 au zaidi. Bomba hilo likielekezwa kwenye mkono au mguu kwa karibu, huweza kutoboa ngozi na kuyaingiza maji, sabuni na uchafu hadi kwenye mishipa na kano. Kinachoonekana nje ni tundu dogo kama la sindano, wakati mwingine bila damu. Kulifunga kwa plasta na kumrudisha mtu kazini ni kosa. Jeraha hili ni la daktari wa upasuaji, siku hiyohiyo, pamoja na chanjo ya pepopunda. Anayemwandikia rufaa aeleze wazi kwamba maji yaliingia kwa presha, maana atakayelipokea jeraha hilo bila maelezo ataliona dogo naye pia.

Chupa iliyomo kwenye buti

Dawa iliyobaki baada ya kuosha gari kwa kawaida hutiwa katika chupa ya soda au ya maji na kuwekwa kwenye buti au chini ya ngazi. Rangi ya baadhi yake haitofautiani na ya kinywaji. Mtoto aliyekunywa petroli, thina au mafuta ya taa asitapishwe, wala asipewe maziwa au mafuta ya kula ili atapike. Hatari kubwa ya mafuta hayo ni kuingia kwenye mapafu, na kutapika huyapitisha kwenye koo mara ya pili. Aliyekunywa asidi au kostiki soda naye asitapishwe, kwa kuwa koo lililoungua likipaka huungua tena. Kinywa kisuuzwe kwa maji, nguo zilizolowa zivuliwe, na apelekwe hospitali mara moja akiwa ameketishwa wima.

Mzazi abebe chupa yenyewe, hata kama imebaki tupu, na aseme ilinunuliwa wapi na kutoka dumu gani. Muuguzi wa zamu aiandike habari hiyo kwenye faili kabla ya jambo lingine lolote, kisha chupa iwekwe ndani ya mfuko uliofungwa, mbali na mikono ya watoto wengine walio kwenye foleni.